Usiulize injini ya mashua ina masaa mangapi, uliza imekunywa petroli kiasi gani

Ukienda Toi kununua shati la mtumba, humuulizi muuzaji limevaliwa mara ngapi. Unageuza kola. Unaangalia kwapa. Unavuta mshono wa bega uone kama utaachia. Ukienda Kawangware kununua pikipiki iliyokwisha kupiga bodaboda, unatupia jicho ile mita inayosema kilomita 12,000, halafu unainama kuangalia raba ya pale mguu unapokanyaga. Raba ikiwa imeisha mpaka chuma kinaonekana, unajua kebo ya mita ilichomolewa kitambo na mwenyewe anakuona fala.

Haya tunayajua sote, na hakuna darasa tulilokaa kufundishwa. Sasa niambie, kwa nini sisi hao hao wajanja wa mtaa tukifika kwenye injini ya mashua tunasoma namba kwenye kisanduku na kutoa pesa?

Nauliza kwa sababu mimi nilifanya hivyo, na karibu nimzike mjomba wangu.

Labda unajiuliza kijana wa Kibera anatafuta nini na mashua. Swali zuri. Hapa Kisumu Ndogo tuna Kisumu kwa jina tu, ziwa hatuna. Maji makubwa yaliyo karibu nasi ni Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953. Zamani watu walipeperusha matanga pale. Leo gugumaji limelifunika mpaka mgeni anaweza kudhani ni shamba la mboga. Lakini majirani zangu wengi wana mjomba, shangazi au binamu kule Ziwa Victoria. Pesa za M-Pesa zinatoka huku kwenda huko, na gunia la omena linatoka huko kuja huku. Kwa hivyo chama chetu cha watu 8 kilipokaa kuamua tufanye nini na doo zetu, mtu akasema mashua, na hakuna aliyecheka.

Tulikuwa tunachanga shilingi 500 kila mtu kila wiki. Baada ya wiki 46 tulikuwa na 184,000. Ukiwa unauza mayai na smoki kando ya barabara, au unafua nguo za watu kule Kilimani, unajua 500 ya kila wiki inatoka wapi. Inatoka tumboni.

Mpango ulikuwa rahisi. Tununue mashua ya mbao pamoja na injini, mjomba avue omena, petroli itolewe kwanza, kisha mapato yagawanywe fungu la mashua na fungu la wavuvi, kama wanavyofanya kule siku zote. Tukapata tangazo kwenye simu. Picha zilikuwa safi: mashua imepakwa rangi ya samawati, injini ya farasi 15, na karibu yake kamita kadogo kamefungwa kwenye ubao. Kalisoma 312. Muuzaji akaandika: "Masaa mia tatu tu, boss. Hii bado mtoto."

Mjomba akaenda kuiona ufuoni. Akanipigia simu. "Mwili wa mashua ni mzuri," alisema. "Lakini sauti ya hii injini siipendi. Inakohoa ikiwa baridi."

Hapa ndipo ninapojilaumu. Nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo haijanishinda nikarudi mtaani. Mbele ya chama, mimi ndiye niliyeitwa injinia. Nikamjibu mjomba kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mjomba, mita inasema 312. Mashine haidanganyi."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, mpwa wangu. Nyinyi ndio mmesoma."

Tukatuma pesa.

Wiki ya sita, usiku, injini ilikwama wakiwa mbali na ufuo. Haikuzima polepole. Ilikaza, ikanuka moto, na kamba ya kuwashia ikakataa kuvutika. Mjomba alikuwa na vijana watatu, na mdogo wao alikuwa na miaka 19. Walikuwa na makasia mawili, upepo uliwashinda, na simu ya mjomba ikaisha chaji. Kisumu Ndogo, mathe alikaa kwenye kitanda akiwa amevaa viatu, kana kwamba kuna mahali angeweza kwenda. Mimi nilisimama nje ya mlango nikijifanya natafuta mtandao. Saa mbili asubuhi namba tusiyoijua ikapiga. Wavuvi wa mbuta walikuwa wamewakuta na kuwavuta hadi nchi kavu. Wote wanne walikuwa wazima.

Fundi alipofungua ile injini alikuta silinda moja imechanika ndani kwa joto. Mpira wa pampu ya maji, ule unaoipoza injini, ulikuwa umeliwa hadi visiki. Halafu akaonyesha kitu ambacho hakikuhitaji fundi wala injinia: ubao wa mashua ulikuwa mkuukuu, lakini skrubu nne zilizoshika ile mita zilikuwa zinang'aa. Mita ilikuwa mpya. Mzee mmoja wa pale ufuoni akatuambia kwamba kabla ya kuletwa kule, injini hiyo ilibeba abiria miaka mitatu kati ya Mbita na visiwa.

Nikachukua kalamu. Tuseme ilikimbia masaa 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Hayo ni masaa 1,500 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 4,500. Hata kama nimekosea nusu nzima, bado ni 2,250. Sisi tulilipia 312.

Namkasirikia muuzaji, ndiyo. Lakini nimekaa na hasira hii muda wa kutosha kugundua kwamba nusu yake ni yetu. Muuzaji alijua tunachotaka kusikia. Swali letu la kwanza lilikuwa "ina masaa mangapi?", na tungemkimbia yeyote ambaye angejibu 2,000. Mtu mkweli mwenye injini iliyofanya kazi na kutunzwa hatapata mteja kwetu. Mwenye mita mpya atapata. Tukinunua hivyo mwaka baada ya mwaka, ni sisi tunaowafundisha wauzaji kudanganya, na tunalipa karo ya somo hilo.

Angalia hata magari ya kutoka Japani. Serikali inaweza kuweka sheria kwamba gari kuukuu lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hiyo inaweza kuhakikishwa kwa karatasi. Lakini kilomita? Kila mtu Nairobi anataka gari la kilomita chache, kwa hivyo magari ya kilomita chache hayaishi sokoni. Soko hukuletea namba uliyoiomba.

Basi tuzungumze kuhusu hii namba yenyewe, kwa sababu siyo uchawi.

Kwanza, injini nyingi ndogo za ziwani hazina mita ya masaa kabisa. Zile za kuvuta kamba, za kabureta, zinazochanganya petroli na oili, hazina kompyuta ndani. Ukiona mita hapo, kuna mtu aliyeifunga baadaye. Mita ya aina hiyo inahesabu tangu siku ilipofungwa. Inaanzia sifuri hata kama injini ina umri wa mpiga kura. Nyingine zimeunganishwa na swichi, hivyo zinahesabu hata swichi ikiachwa wazi mashua ikiwa imelala ufuoni. Kwa hiyo inaweza kupunguza na inaweza kuongeza.

Injini za kisasa za mipigo minne, zile zenye kompyuta, ni hadithi tofauti. Fundi mwenye kifaa cha kuzisoma anaweza kukuonyesha injini imefanya kazi masaa mangapi, na hata masaa mangapi ilikimbizwa kwa mwendo wa juu na mangapi ilienda polepole. Ukinunua injini kama hiyo na hutaki kulipa kusomewa, hilo ni lako. Lakini vijana wengi kama sisi hatununui hizo. Tunanunua zile za kuvuta kamba.

Kwa hizo, nina swali moja ambalo natamani ningelijua mapema. Usiulize masaa. Uliza petroli.

Mtu akiulizwa masaa anajua unapima thamani ya injini yake, na ulimi unaanza kupiga hesabu. Lakini muulize, kama mtu anayelalamika tu kuhusu maisha, "Na hii petroli ya siku hizi, mnatumia lita ngapi kwa siku?" Hapo atakufungulia moyo. Bei ya petroli inamuuma kila mtu. Atakwambia lita 20, atakwambia alikuwa akienda mbali zaidi lakini sasa hawezi, atakwambia na jina la kituo anachonunua.

Sasa piga hesabu. Injini ya farasi 15 ya mipigo miwili ikikimbia kwa nguvu zote hunywa takriban lita 6 kwa saa. Lita 20 ukigawa kwa 6 ni zaidi ya masaa 3. Kama huenda polepole, masaa ni mengi zaidi kwa petroli hiyo hiyo. Kisha uliza wanatoka siku ngapi kwa mwezi. Wavuvi wa omena hutumia taa usiku, na mwezi ukiwa mkali omena hawavutiwi na taa vizuri, kwa hivyo wengi hupumzika siku hizo. Tuseme siku 18. Kisha toa miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa. Tuseme inabaki miezi 8. Masaa 3 mara siku 18 mara miezi 8 ni 432 kwa mwaka. Akikwambia injini ina miaka minne kazini na mita inasema 200, wewe unajua mmoja kati yao anadanganya, na petroli haina sababu ya kudanganya.

Hii haitakupa namba kamili. Itakupa ukubwa wake: mamia, elfu, au maelfu. Hicho ndicho unachohitaji kujua kabla ya kuongea bei.

Ukishapata hesabu hiyo kichwani, geuza kola.

Fika bila kutangaza saa kamili, na jambo la kwanza weka mkono juu ya injini. Ikiwa ina joto, kuna mtu ameiwasha kabla hujafika, na huenda amefanya hivyo kwa sababu haiwaki vizuri ikiwa baridi. Subiri ipoe. Nunua chai, piga story, rudi. Kukohoa kwa injini baridi ndiko alikosikia mjomba, na ndiko nilikopuuza.

Angalia mahali mkono wa mtu unapokaa. Raba ya mkono wa usukani, kishikio cha kamba ya kuwashia, mabano yanayobana injini kwenye ubao wa nyuma. Vitu hivi huliwa na kazi, na watu husahau kuvibadilisha. Raba ikiwa imelainika kama sabuni ya jana, haikufanya kazi masaa 300. Angalia vichwa vya bolti kwenye injini: rangi ikiwa imekwaruzwa, imefunguliwa. Kufunguliwa si kosa, lakini uliza ilifunguliwa kwa nini na nani. Rangi iliyobabuka karibu na kichwa cha silinda ni dalili ya joto la kupita kiasi.

Fungua skrubu ya mafuta ya gia kule chini na uache yatoke kidogo. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Yakiwa na vumbi linalometameta, gia zinajisaga. Chomoa plagi zote na uzilinganishe. Mwambie fundi apime msukumo wa kila silinda. Kwa injini ya silinda mbili, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana. Moja ikiwa chini mno kuliko nyenzake, una injini moja na nusu.

Kisha iwashe ndani ya maji na uangalie ile chirizi ya maji inayotoka nyuma. Hiyo ndiyo pumzi yake. Ikitoka kwa nguvu, pampu inafanya kazi. Ikidondoka kama bomba letu la Kibera siku ya mgao, simama hapo hapo. Ghuba ya Winam ina gugumaji, na gugumaji huziba matundu ya kuvutia maji. Kwenye kina kifupi pampu hufyonza mchanga, na mchanga hula ule mpira. Injini ya kule inaweza kuumwa kwa sababu ya mahali ilipofanya kazi, hata kama haikufanya masaa mengi. Na kama imetoka Mombasa, Kilifi au Lamu, uliza kama ilisafishwa ndani kwa maji baridi baada ya safari. Chumvi haingoji masaa. Inakula hata injini iliyolala.

Halafu panda. Usiridhike na injini inayonguruma ikiwa imefungwa kwenye gogo. Pakia watu, endesha nusu saa, nenda mbio, punguza, weka gia ya nyuma, zima, washa tena ikiwa moto. Mashua ikiwa tupu kila injini ni shujaa.

Najua kuna msomaji anayesema: kwa hivyo tukimbie injini zenye masaa mengi? Hapana, na hapa ndipo wengi tunapotea njia. Injini yenye masaa 1,200 iliyohudumiwa kila masaa 100, iliyokunywa oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake, na inayofanya kazi kila wiki, inaweza kukufaa kuliko yenye masaa 80 iliyokaa kwenye banda miaka 7. Iliyokaa ina kabureta iliyoganda kwa petroli ya zamani, mpira wa pampu uliokauka ukiwa umejikunja, na sili zilizopasuka. Masaa machache sana kwa miaka mingi ni swali pia. Mtu anayeendesha mashua yake ya starehe Naivasha wikendi moja moja hafiki popote karibu na masaa ya mvuvi, lakini huenda pia hajawahi kubadilisha mafuta ya gia kwa sababu "haijatumika."

Binadamu pia tunapimwa hivi, na mimi nimeonja. Kuna watu wakisikia niliacha chuo mwaka wa pili wanafunga mazungumzo hapo. Wameona namba moja kwenye mita yangu. Lakini na mimi nilimpima mjomba vivyo hivyo: hana cheti, kwa hivyo sikio lake halina uzito. Miaka 30 ya kusikiliza injini ziwani niliipa alama chini ya kamita cha shilingi mia chache.

Ndiyo maana nasema ushahidi wa tatu, baada ya petroli na kola, ni watu. Kila ufuo una watu wanaojua. Kuna BMU, zile kamati za usimamizi wa fuo zilizowekwa na kanuni za 2007, ambazo huandikisha mashua na wavuvi wao. Uliza mashua hii ni ya nani, imekuwa ikifanya kazi gani, imekuja lini. Waulize pia waliokuwa wakiiendesha, siyo mwenye nayo peke yake. Nahodha wa mwaka jana hana cha kupoteza akikwambia ukweli.

Na usiondoke bila kusoma kibati cha namba ya injini. Wavuvi wa Ziwa Victoria wameporwa injini majini mara nyingi. Kibati kikiwa kimekwanguliwa au hakipo, hata ikiwa na masaa mawili, hiyo siyo bei nafuu. Kuna mvuvi mahali fulani aliyerudi nyumbani kwa kasia, na wewe unataka kumlipa aliyemfanyia hivyo. Piga picha namba, iandike kwenye makubaliano ya kuuziana, wote wawili mweke sahihi mbele ya shahidi.

Utaniambia: haya yote ni ya watu wenye pesa. Fundi anataka kulipwa, nauli ya basi hadi Kisumu na kurudi, siku mbili bila kazi. Nami nilisema hivyo hivyo. Tulikwepa gharama ya fundi. Kisha injini ya kwanza tukaiuza kama spea kwa 40,000. Wanachama wawili wakatoka kwenye chama, na siwezi kuwalaumu. Mmoja wao alikuwa amepanga hizo pesa zimpeleke mdogo wake sekondari. Hajawahi kunitukana. Tukikutana kwenye kona ya Makina ananisalimia vizuri, na mimi ndiye ninayeangalia chini.

Sita tuliobaki tulichanga tena, 500 kila wiki, wiki 30. Hizo zilikuwa 90,000, tukaongeza zile 40,000. Safari hii tulipanda basi la usiku, mimi na mweka hazina wetu, na mjomba akaja na fundi anayemwamini. Injini ya kwanza tuliikuta na joto. Tukanywa chai, ikapoa, ikakataa kuwaka. Ya pili ilikuwa na kibati kilichokwanguliwa. Mjomba hakusimama hata kuuliza bei.

Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja muuza samaki ambaye mashua yake ilikuwa imeoza. Hakuwa na mita. Nikaanza na swali langu la petroli, naye akacheka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye picha ya simba. Alikuwa ameandika kila lita aliyonunua, kwa sababu hakuwaamini wavulana wake wa mashua. Nilikaa kwenye ndoo nikapiga hesabu kwa simu. Zilikuwa karibu masaa 1,100. Akaniangalia usoni akingoja nikimbie.

"Imefanya kazi sana," alisema. "Lakini kila kitu nimebadilisha kimeandikwa humo nyuma."

Fundi alipima silinda, akafungua gia, akachomoa plagi. Mjomba hakufanya chochote. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akiisikiliza ikiwa baridi, kisha ikiwa moto, kisha ikiwa imebeba watu saba. Safari hii nilimgeukia yeye kabla ya kusema lolote.

"Hii naitaka," alisema.

Tulilipa 118,000. Zilizobaki ndizo zilizomlipa fundi na kuturudisha nyumbani.

Kwa hivyo ombi langu kwako, wewe na mbogi yako mnaopanga kununua mashua, pikipiki, jenereta au mashine ya kusaga, ni mambo mawili. La kwanza, kabla ya kutuma pesa, lipia macho na masikio ya mtu anayeijua kazi hiyo, na akikwambia sauti siipendi, nyamaza. La pili ni gumu zaidi: ukimpata muuzaji anayekwambia namba kubwa ya kweli, usimwadhibu kwa kumkimbia. Kaa chini, fungua daftari lake, ongea bei.

Lile daftari la simba lilijaa. Mjomba amenunua jingine, analitundika ndani ya mfuko wa plastiki chini ya benchi la mashua, na kila jioni anaandika lita. Siku moja tutaiuza hii injini, na kijana fulani wa mjini atatuuliza ina masaa mangapi. Tutamwambia ukweli, na huenda akakimbia. Tutamngoja anayefuata.